Kamyo ya Redio na Breki Niliyoipigania

Watu wa karakana walipokuja kuniaga walileta mbuzi na saa ya ukutani. Mbuzi tumemla. Saa iko ukutani, na kila asubuhi inanionyesha kwamba zamu imeanza na mimi nimekaa kwangu Kapata, hapa Kolwezi, na miguu ndani ya kandambili. Kwa hiyo naandika. Waliniomba wenyewe: "Tata, utuandikie kidogo, benye kuingia sasa habajue kitu." Hilo ni kweli, hawajui kitu. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi nikatoka, na kwa miaka yote niliyoshika breki sikuona gari hata moja lililokataa kusimama kwa sababu sina diploma. Yaliyokataa yalikuwa na sababu nyingine. Mara moja sababu ilikuwa mimi, na hiyo nitaieleza mahali pake, bila kuificha.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa mzee Kalenga. Alitoka Lubudi, na kabla ya kuja mgodini kwetu alikuwa akitengeneza breki za mabehewa ya treni. Hakuniambia karibu. Alinipa kabari mbili za mti akanituma nizitie chini ya gurudumu la kamyo, yaani lori, iliyosimama mahali tambarare kama meza. Nikacheka. Nikamwambia, "Tata, hii haiende fasi yoyote."

"Ile ya jana nayo ilisemaka vile," akanijibu, na akanionyesha ukuta wa karakana kwa kidole. Ukuta ulikuwa na tundu la ukubwa wa kamyo.

Nikatia kabari.

Kalenga alikuwa akikagua breki kwa pua. Anainama kwenye gurudumu, anafunga macho, ananusa kama mtu anayejua mke wake amepika nini. Breki iliyoungua inanuka nywele. Breki iliyoingia mafuta inanuka taa ya kandili iliyozimwa. Breki nzima hainuki kitu. Fundi aliyekuja kazini na manukato alirudishwa bombani akaoge, hata kama jana yake alikuwa na harusi. Baada ya pua alichukua nyundo ndogo na kugonga diski. Diski nzima inalia kama kengele ya shule, iliyopasuka inalia kama sufuria. Leo mna mashine ya kupima hayo yote na inatoa karatasi. Nawaombeni mgonge kwanza, halafu msome karatasi.

Miaka ya katikati niliishi chini ya zile kamyo kubwa za shimoni, zenye gurudumu refu kuliko mtu. Watu wengi hawajui kwamba nyingi kati ya hizo zinatembea kwa umeme. Injini ya mazuti, yaani dizeli, inazalisha umeme, na umeme unazungusha mota zilizo ndani ya magurudumu ya nyuma. Ukiteremka, kazi inageuka: magurudumu yanazungusha mota, mota inazalisha umeme, na kule kuzalisha ndiko kunakoshika kamyo isikimbie. Umeme huo lazima uende mahali. Kwenye zile kamyo ulikwenda kwenye kasha la nyaya nene pembeni ya kabini, ukageuka joto, feni ikalipuliza nje. Dereva mmoja alifunga sufuria yake ya maharage mbele ya lile tundu la joto. Maharage yaliiva safari ya tatu. Mabosi walimsifu kwa bidii ya kuteremka, mpaka siku kifuniko kilipotoka.

Zile kamyo zilinifundisha jambo moja ambalo liandikeni ukutani kama mnataka kuandika kitu. Breki ya mota ina nguvu gurudumu likizunguka kwa kasi. Kamyo ikipunguza mwendo, nguvu hiyo inapungua pamoja nayo, na ikikaribia kusimama inakwisha kabisa. Mota inaweza kukupunguzia mwendo lakini haiwezi kukulinda mlimani. Ya kukulinda ni chuma kinachobana chuma. Hayo nilikuwa nayajua. Kuna sehemu nyingine ya habari nilikuwa siijui, na niliijua mbele ya watu.

Mnamfahamu mama Ngalula. Wakati ule alikuwa mgeni. Nilipoambiwa mwanamke anakuja kusuka nyaya za mota nilisema neno ambalo sitaliandika hapa. Yeye analikumbuka, na kila Noeli ananirudishia mbele ya watoto wangu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, baba yake alikuwa fundi umeme, na yeye mwenyewe anashika waya wa shaba kama wenzake wanavyoshika nywele za kusuka. Wiki yake ya kwanza alichukua mota iliyokufa ambayo wanaume watatu walikuwa wameiandikia cheti cha kifo, akaifufua. Nikaacha kusema.

Mume wake anaitwa Ngoie. Ngoie hakuwa wa karakana, alikuwa mtu wa mpira wa maji. Mnajua shimo letu: mvua ikinyesha maji yanakaa chini, pampu inayavuta, na mpira wa kuvutia lazima upelekwe mpaka kwenye dimbwi. Kila wakipiga baruti, dimbwi linahama, na mpira lazima uhame nao. Waliouhamisha walikuwa watu watatu kwa miguu, chini ya ukuta ambao umetoka kutikiswa na baruti na mawe yake bado yanafikiri. Ngoie alikuwa wa mbele. Kila siku ya baruti Ngalula alikuwa haongei kazini mpaka redio ya shimoni iseme wametoka. Tulikuwa tunamwacha. Hata vyuma tulivipanga polepole.

Wazo la kamyo ya redio lilikuwa lake. Alikwenda kwa shefu wa shimo na karatasi aliyoichora mwenyewe: kamyo ndogo ya betri, urefu kama kitanda cha watu wawili, hakuna dereva, mtu anasimama mbali na telekomande mkononi na kuipeleka chini ya ukuta na mpira mgongoni. Shefu alikuwa mtu mfupi wa maneno. Akasema tutengeneze moja kwa vyuma vilivyolala stoo. Ikimpendeza itafanya kazi ya mpira. Isipompendeza, mpira utakwenda kwa miguu kama siku zote.

Tukapewa enjenyeri Kapend, mtu wa Kapanga, ukoo wake ni wa kule Musumba, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha kwamba ni mji wa wafalme. Kijana wa heshima, kompyuta kwapani, viatu safi. Siku ya kwanza tulibishana juu ya namna ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu manne.

"Tata Freni," Kapend aliniambia, maana hilo, yaani Breki, ndilo jina langu kazini, "magurudumu ine, mota ine, moya ndani ya kila gurudumu. Haina kardani, haina difu, haina kitu ya kuvunjika."

"Iko na bitu ine ya kuvunjika," nikamwambia.

"Na bitu ine ya kuingia maji," Ngalula akasema. "Chini kule ni matope mpaka hapa. Nani atasuka zote ine kila juma? We, enjenyeri?"

Tukakubaliana mota moja, juu, mbali na maji. Sasa nguvu itoke kwenye mota iende chini kwa njia gani. Kapend alitaka mkanda wa mpira, kwa sababu haupigi kelele. Matope yaliula asubuhi moja. Tukafunga mnyororo. Mnyororo unakusanya changarawe kama mtu anayesafisha mchele, halafu unakatika. Mwisho nikatoa kardani, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari, kwenye pikapu iliyokufa nyuma ya karakana. Tukaufunga uende kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma, magurudumu yote manne yavute.

Mara ya kwanza kamyo ilikimbia kama mwizi. Mota ya umeme ina haraka kwa asili. Tukaongeza giaboksi ya pili baada ya ya kwanza, mota izunguke mara nyingi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ikawa na mwendo wa mama anayetoka misa, na nguvu ya kuvuta hata nyumba. Hilo nalo ni breki ya kwanza, vijana: gia ndogo. Kamyo isiyokimbia haili breki zake.

Halafu matope. Difu, yale meno ya katikati ya ekseli, yana tabia mbaya: nguvu yanampelekea asiyefanya kazi. Gurudumu moja likiingia matopeni linazunguka bure, na lililo pakavu linasimama kuangalia, kama shemeji siku ya kuhamisha kabati. Nikachukua mashine ya kuchomelea nikaunganisha difu ya nyuma iwe kitu kimoja, magurudumu yote mawili yazunguke pamoja yapende yasipende. Ya mbele nikaiacha huru ili tuweze kukata kona. Kapend alisema nimeharibu ekseli. Kwenye sakafu ya karakana kweli ilikata kona kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni, kwa kuruka. Matopeni ilipita pale ambapo buti la Kapend lilibaki.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa breki. Kapend alitaka breki ya mota peke yake. Kwenye kamyo ya betri, umeme wa kuteremka hauchomwi, unarudi kwenye betri. Unateremka na unachaji. Ni jambo zuri, sikatai. Mimi nilitaka juu ya hiyo breki ya springi, nyuma ya giaboksi, kwenye kardani yenyewe. Springi inabana saa zote. Umeme ndio unaoifungua. Umeme ukikatika inabana. Redio ikipotea inabana. Ni kama mlinzi anayelala mlango ukiwa na kufuli, mpaka umpigie simu ndipo afungue.

"Itakula kuran ya batri siku muzima, tata, juu ya kukaa wazi tu," Kapend alisema, na kuran kwake ndiyo umeme. "Na ni chuma nzito."

"Mi sikatale mota yako. Mi nauliza kitu moya. Mota ikikatala, nani atasimamisha?"

"Mota haikatale."

Nikapanda juu ya kamyo nikakaa. Nikamwambia sishuki mpaka springi ifungwe. Nilikaa tangu saa ya chai mpaka baada ya chakula. Waliniletea bukari na sombe, ugali na kisamvu, hapo hapo juu, na nilikula. Ngalula ndiye aliyemaliza maneno. Alichukua kipimo, akapima umeme unaoliwa na springi, akarudi akasema inakula kidogo kuliko taa moja ya mbele. Kapend akakubali. Akaweka kanuni nyingine ya kwake: akaandika kwa chaki kwenye ubao, herufi kubwa, betri isichajiwe kupita asilimia themanini. Alieleza na sababu. Wakati anaeleza mimi nilikuwa chini ya kamyo nakaza boliti za springi yangu niliyoishinda, na mshindi hasikii vizuri.

Siku ya jaribio ilikuwa Ijumaa. Jumatatu yake kulikuwa na baruti. Shefu alisema wazi mbele yetu sote: leo akiridhika, Jumatatu kamyo itabeba mpira; asiporidhika, Ngoie na wenzake watashuka. Ngoie alikuwapo, amevaa buti zake ndefu, kama mtu anayesubiri kusikia kama atasafiri.

Nilifika karakana wa kwanza, ufunguo ni wangu. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili. Nilipofungua mlango tu, ukaja. Sasa nyinyi ni watu wa Kolwezi, sina haja ya kuwaeleza. Umeme ukija, mtu hafikiri. Kule Kapata utasikia mtaa mzima unakimbia: simu, taa, pasi, friji ya jirani, kila chenye mkia kinaingizwa ukutani, kwa sababu hakuna anayejua utaondoka saa ngapi. Mkono wangu ulikwisha kuchomeka chaja ya kamyo kabla kichwa hakijafika kazini. Ubao niliuona. Niliusoma pia, polepole lakini niliusoma. Nikafikiri: huyu enjenyeri mchoyo. Siku ya wageni wakubwa unaipeleka kamyo na njaa. Kwetu mgeni hapewi sahani ya asilimia themanini. Nikaacha mpaka mshale ukafika mwisho na kugonga. Nilijisikia vizuri, kama aliyejaza ndoo zote kabla bomba halijakauka. Sikumwambia mtu, kwa sababu sifa ya kweli haitangazwi.

Tukaipandisha kamyo kwenye trela mpaka juu ya njia ya kuteremkia shimoni. Hiyo ikumbukeni: haikupanda yenyewe, haikutumia hata tone la betri. Chini ya mteremko walikuwa wameweka meza na mwavuli na soda, na shefu na wakubwa wengine wamekaa wanaitazama njia. Mpira ulikuwa mgongoni mwa kamyo, umekunjwa kama nyoka aliyeshiba. Ngalula alishika telekomande, maana mkono wake ndio mtulivu.

Ikaanza vizuri. Hatua kumi, ishirini. Ngalula akavuta kijiti cha breki ya mota.

"Tata," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Iko natelemuka. Haisimame."

"Vuta."

"Navuta."

Kapend alisema neno la Kifaransa ambalo halimo katika kitabu chochote cha ufundi. Mimi nilinyakua kabari mbili nikakimbia. Sijui nilitaka kufanya nini. Mzee wa umri wangu, tumbo mbele, kabari mikononi, anaifukuza kamyo inayoteremka. Wakubwa wa chini wanasema hicho ndicho walichokiona kwanza, na kwamba walicheka mpaka walipoona kilichokuwa mbele yangu. Ndipo wakatawanyika. Mmoja alipita ndani ya mwavuli. Shefu hakukimbia. Alisimama nyuma ya meza ameshika chupa yake, kwa sababu yeye ni shefu.

Ngalula hakuvuta tena. Aligeuza telekomande, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akang'oa betri yake ndogo akaitupa chini. Redio ikafa. Na redio ilipokufa, springi yangu ikabana.

Nilisikia sauti yake kabla sijaona kitu. Magurudumu ya nyuma yakafunga yote mawili pamoja. Kama nisingechomelea ile difu, moja lingezunguka mbele na jingine kinyume, na springi ingekuwa inabana hewa. Kamyo ikateleza, ikageuka ubavu, ikasimama hatua mbili kutoka kwenye meza. Soda moja ilianguka. Ilikuwa ya yule wa mwavuli.

Shefu akauliza, "Nani alipanga hii?"

Kapend alikuwa wa kwanza kufika chini, na ana kichwa chepesi, sikatai. "Shefu, tulitaka muone freni ya usalama namna inafanya kazi. Hata telekomande ikikufa, kamyo inasimama."

Shefu aliangalia kamyo, akaangalia alama za matairi, akaangalia chupa yake. "Mulinitisha," akasema. "Lakini iko muzuri sana." Akatoa kalamu mfukoni na kuomba karatasi.

Nilipofika nilikuwa sina pumzi. Ngoie alikuwa anatabasamu, hajui kitu, anaona tu kalamu. Ngalula akanijia karibu. Alikuwa ameona mshale wa betri.

"Tata, nani alijaza batri?" Alisema chini kwa chini.

"Mi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

"Juu ya nini?"

"Kuran ilikuya," nikamwambia.

Akafumba macho. Alielewa, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningejisikia nafuu. Yeye mwenyewe angefanya vile vile nyumbani kwake. Akanieleza kwa maneno machache kile nilichokikosa nikiwa chini ya kamyo: umeme wa breki unarudi kwenye betri, na betri iliyojaa haina pa kuuweka. Inaukataa. Ikiukataa, mota haishiki kitu, inazunguka tu. Mimi, mtu ninayeitwa Breki, nilikuwa nimeitoa kamyo breki kwa mkono wangu, kwa kuilisha vizuri.

Sasa kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Nikinyamaza, Ngoie hashuki Jumatatu. Lakini asubuhi moja umeme utakuja, na mtu mwingine wa Kolwezi atafungua mlango, na mkono wake utafanya alichofanya mkono wangu, na siku hiyo huenda Ngoie yuko chini anafunga mpira na mgongo ameugeuzia kamyo. Nikisema, shefu atarudisha kalamu. Nilifikiri kwa muda wa kukaza boliti moja.

"Shefu," nikasema, "haikupangwa. Freni ya mota ilikatala. Ilikatala juu mi nilijaza batri, na enjenyeri aliandika nisijaze."

Kapend alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa safi tena. Shefu akafunga kalamu.

"Kwa hiyo," akasema, "hii kamyo inasimama muzuri kama munaifungisha njaa."

Watu walicheka. Ngoie hakucheka. Alinitazama kama unavyomtazama mbwa aliyekula nyama ya wageni. Mimi nilimwangalia usoni, sikuangalia pembeni, lakini sitasema ilikuwa rahisi.

Ngalula ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. "Shefu, freni ya tata ilisimamisha, na batri ilikuwa imejaa. Sasa inangoya mi nikufishe redio. Mutupe mpaka Siku ya Mungu nyuma ya misa. Tutaifunga ibane yenyewe kamyo ikizidisha mbio. Tutajaza batri mpaka mwisho, kwa makusudi, na tutaitelemusha mara tatu. Tukishindwa hata moya, bwana yangu atatembea."

Shefu alimwangalia Ngoie. "Umesikia bibi yako?"

"Nasikiaka yeye kila siku, shefu," Ngoie akasema.

Jumamosi yote tulikuwa juu ya ile kamyo. Kazi yenyewe si kubwa: Ngalula alifunga kijicho cha umeme kinachohesabu mizunguko ya kardani. Mizunguko ikizidi kipimo, kinakata umeme wa springi, na springi inabana. Hakiulizi betri, hakiulizi redio. Kazi kubwa ilikuwa kipimo. Tukiweka chini, kamyo inasimama kila ikiona kokoto. Tukiweka juu, inabana kwa kishindo na kung'oa meno ya gia. Kapend alipiga hesabu kwenye kompyuta, mimi nilinusa bitana za breki kila baada ya jaribio, na mara nyingi tulikubaliana. Mara mbili hatukukubaliana, na mara hizo mbili pua ilikuwa sahihi. Kapend alikuja kuniambia hivyo mwenyewe, na ndiyo siku niliyoanza kumwita mwanangu.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, shefu alikuja. Meza aliiweka juu ya mteremko safari hii, nyuma ya kamyo. Betri ilikuwa imejaa mpaka mshale unagonga. Kamyo ikateremka. Ngalula alikaa na mikono mbali na vijiti, watu waione. Ikashika mwendo, ikazidi, springi ikabana, ikasimama ikiwa imenyooka. Tukaipandisha kwa trela. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu mvua ilianza, njia ikawa utelezi, ikateleza urefu wa kamyo mbili, ikasimama. Nikaenda nikanusa. Haikunuka kitu. Shefu akaniuliza, "Tata Freni, unasema nini?" Nikamwambia nasema aweke sahihi kabla mvua haijalowesha karatasi.

Akaweka. Akaongeza kwa mkono wake kwamba chaja ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mama Ngalula, na kwamba mimi nisipewe hata nikiomba kwa heshima. Tangu siku hiyo sikuwahi kupewa.

Jumatatu walipiga baruti asubuhi. Tulisubiri vumbi lishuke, tukasimama nyuma ya kizuizi: Ngalula na telekomande, Kapend, mimi, na Ngoie na wenzake wawili ambao hawakuwa na kazi na hawakujua waweke wapi mikono. Kamyo ikashuka na mpira. Iliingia matopeni, ikapita, ikafika dimbwini. Ngalula akaigeuza, mpira ukaanguka majini pale pale ulipotakiwa. Pampu ikaanza kuvuta. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa tunaangalia ukuta.

Jiwe lilitoka bila kelele yoyote ya kwanza. Lilikuwa la ukubwa wa friji. Liligonga mara moja kwenye ukingo, likaruka, likaangukia mbele ya kamyo, likailaza pua ndani ya matope mpaka kwenye mota. Taa moja ilibaki inawaka.

Ngoie aliliangalia jiwe. Mahali pale palikuwa mahali pa mtu wa mbele, anayeshika kichwa cha mpira.

"Ile jiwe ilikuwa yangu," akasema.

Ngalula alikuwa bado ameshika telekomande kwa mikono miwili. Hakugeuka.

"Enda nyumba," akamwambia.

"Ni saa tatu ya asubuhi, mama."

"Enda tu."

Ngoie akatuangalia sisi wote, mmoja mmoja. Halafu akavua kofia ya kazi, akaiweka juu ya kizuizi, na akapanda njia kuelekea nyumbani kwao Kapata, polepole, kwa miguu.